Mtoto Asiyekwenda Shule: Ni Nani Awezaye Kumpima?

Wahenga walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii yajulikana na wote, nayo hutajwa mara nyingi kumkaripia kijana asiye na adabu. Lakini ndani yake mna maswali mawili ambayo watu hawayaangalii sana. Swali la kwanza: Je, mama na baba peke yao waweza kumfunza mtoto mambo yote yampasayo? Swali la pili: Mtu asemaye kwamba mtoto fulani amefunzwa vema au vibaya, amejuaje? Ametumia mizani gani?

Maswali haya mawili yameulizwa kwa bidii sana katika nchi ya Marekani, kwa sababu ya jambo lililoanza kuenea huko tangu miaka ya 1970. Wazazi wengi waliwatoa watoto wao shuleni. Hawakufanya hivyo kwa kukosa fedha, wala kwa kutaka watoto wafanye kazi, bali ili wawafundishe wao wenyewe nyumbani: kusoma, kuandika, hesabu, historia na mambo ya dini. Majirani walishangaa, waamuzi waliitwa kukata maneno, na wenye elimu wakaanza kuchunguza.

Mmoja wa wenye elimu hao ni Richard Medlin, profesa wa saikolojia, yaani elimu ya kuchunguza akili na mwenendo wa watu. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Stetson, kilicho katika mji wa DeLand, jimbo la Florida. Kazi yake yafaa kuangaliwa polepole, kwani mna funzo ndani yake kwa kila mtu apendaye kusema kweli juu ya jirani yake.

I. JINSI JAMBO LILIVYOANZA

Zamani, katika Marekani kama katika nchi nyingine, watoto wengi walifundishwa nyumbani na shambani. Sheria ya kuwalazimisha watoto kwenda shule ilianza katika jimbo la Massachusetts mwaka 1852. Ikaenea jimbo baada ya jimbo, hata Mississippi, la mwisho kati ya majimbo 48 ya siku zile, likaipokea mwaka 1918. Tangu hapo watu walizoea kufikiri kwamba hakuna njia nyingine. Mtoto aliyefikisha umri alipelekwa shule, na mzazi aliyemzuia alihesabiwa kuwa mkosaji.

Mwaka 1975 Raymond Moore na mke wake Dorothy walitoa kitabu. Walisema humo kwamba si vema kumharakisha mtoto mdogo kuingia shuleni kabla akili na mwili wake havijakomaa. Yafaa akae kwanza karibu na wazazi wake. Mwaka 1977 mwalimu John Holt, aliyekuwa ameziona shule kutoka ndani, alianzisha gazeti dogo la kuwasaidia wazazi wafundishao nyumbani. Moore alikuwa mtu wa dini. Holt hakuzitoa hoja zake katika dini. Hata hivyo wote walifika penye neno moja: mzazi aweza kuwa mwalimu.

Wazazi waliofuata shauri hilo hawakupata amani mara moja. Wengine walishitakiwa, na wengine walifungwa. Lakini sheria zilibadilika kidogo kidogo, hata ilipofika mwaka 1993 kufundisha nyumbani kulikuwa kumeruhusiwa katika majimbo yote 50. Serikali ya nchi hiyo ilipohesabu mwaka 1999, iliona kwamba watoto wapata 850,000 walikuwa wakifundishwa nyumbani. Mwaka 2012 walikuwa kama milioni 1 na laki 8, yaani watoto 3 au 4 katika kila 100. Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga shule, hesabu ya jamaa zenye kufundisha nyumbani ilipanda kutoka 5 katika kila 100 mpaka 11 katika kila 100, kwa muda wa miezi michache tu.

Basi si jambo la watu wawili watatu wenye mawazo yao. Ni jambo la watoto wengi, na mtoto hawezi kurudi nyuma akue mara ya pili. Ikiwa wazazi wamekosea, mtoto ndiye alipaye. Ikiwa majirani wamekosea kuwashitaki wazazi, mtoto ndiye alipaye vilevile. Ndiyo maana haifai kulikata neno hili kwa ubishi wa barazani.

II. SWALI LA MAJIRANI

Msomaji pengine atadhani kwamba majirani waliuliza kwanza habari ya kusoma na kuhesabu. Sivyo. Swali lililorudi kila siku lilikuwa lingine: “Mtoto huyu atajifunza wapi kuishi na watu?” Walisema: Shuleni mtoto hukutana na wenzake, huzoea kungoja zamu yake, hugombana na kupatana, hutii mkubwa asiye baba yake. Aliyefungiwa nyumbani atakuwa mwoga au mwenye kiburi. Hatajua kusalimia wala kujibu. Atakapokuwa mtu mzima ulimwengu utamshinda.

Swali hili ni la haki, nalo latoka katika jambo lijulikanalo tangu zamani, kwamba mkono mmoja haulei mwana. Lakini kuuliza si kujua. Majirani wengi walikuwa na jibu tayari hata kabla ya kuuliza. Walimwona mtoto mmoja mwenye haya, wakasema: “Tazameni, ndivyo walivyo wote.” Wala hawakukumbuka kwamba shuleni pia wamo watoto wenye haya.

Profesa Medlin alilichukua swali hilo la majirani, akaligawa sehemu tatu, katika makala aliyoitoa mwaka 2000. Kwanza: Je, watoto wafundishwao nyumbani hushiriki maisha ya kila siku ya watu wa mahali pao, au wametengwa? Pili: Je, wanapata kanuni za mwenendo, imani na nia zinazowapasa? Tatu: Je, wanaweza kuishi vema kama watu wa jamii, kwa kutenda yanayofaa pamoja na wengine?

Hapo msomaji na atue kidogo. Kugawa swali ni mwanzo wa busara. Mtu akiulizwa, “Je, mtoto huyu amelelewa vema?” hujibu kwa moyo wake, kwa kumpenda au kumchukia baba wa mtoto. Lakini akiulizwa, “Je, mtoto huyu ana rafiki? Huwasalimia wazee? Husema kweli? Humsaidia aliyeanguka?” itambidi atazame kwanza ndipo ajibu. Swali kubwa huachia nafasi chuki na upendeleo. Maswali madogo huyadai macho.

Baada ya kukusanya kazi za wachunguzi wengi, Medlin alijibu kwamba watoto hao kwa kawaida hawakuwa wametengwa. Walikutana na watu wa kila namna, wakubwa kwa wadogo, katika makanisa, michezo, vyama na kazi za kusaidia wengine. Mwaka 2013 alirudia swali lile, kwani uchunguzi mwingi mpya ulikuwa umefanyika. Akaandika kwamba, kwa kadiri ya uchunguzi huo, watoto hao walikuwa na urafiki mzuri na wenzao, walipatana vizuri na wazazi wao na watu wazima wengine, na katika kupambanua mema na mabaya hawakuwa nyuma ya wenzao wa shuleni. Tena waliofika chuo kikuu hawakujitenga na wanafunzi wengine.

Wazazi wafundishao nyumbani walifurahi sana kusikia hayo. Lakini habari haikuishia hapo, na mwenye kupenda kweli haimpasi aishie hapo.

III. NAMNA TATU ZA KUPIMA

Mchunguzi atakaye kujua mwenendo wa mtoto aweza kutumia njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuwauliza wazazi. Huandikiwa maswali, nao hujibu: mtoto wangu hutii mara nyingi, au mara chache, au kamwe. Njia hii ni nyepesi, lakini ina udhaifu ulio wazi. Ni mama gani atakayemwambia mgeni kwamba mwanawe ni mkaidi, hasa akijua kwamba mgeni huyo atazipeleka habari kwa watu wasioipenda nyumba yake?

Njia ya pili ni kumwuliza mtoto mwenyewe. Njia hii ina faida, maana mtoto ajua huzuni yake na furaha yake kuliko mtu mwingine. Lakini mtoto naye hutaka kuonekana mwema. Tena yule ambaye hakuingia shuleni hata siku moja hana kitu cha kulinganisha na maisha yake.

Njia ya tatu ni kumtazama mtoto anapocheza, bila kuuliza neno. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Florida, Larry Shyers alifanya hivyo katika uchunguzi wake wa kupata shahada ya udaktari. Aliwachukua watoto 70 waliofundishwa nyumbani na 70 waliokwenda shule, wote wa umri wa miaka 8 mpaka 10, wakapigwa picha za sinema walipokuwa wakicheza na kufanya kazi pamoja. Kisha picha zile zikatazamwa na watu wasiojua ni yupi wa nyumbani na yupi wa shule. Watu hao waliandika waliyoyaona. Mwishowe ilionekana kwamba watoto wa nyumbani walikuwa na ugomvi na fujo kidogo kuliko wenzao.

Ubora wa njia hii wa wapi? U katika kutojua kwa watazamaji. Mtu akiambiwa kwanza, “Huyu ni mtoto wa mchawi,” kila atendalo mtoto huyo litaonekana uchawi. Akiambiwa, “Huyu ni mtoto wa mkubwa,” hata utukutu wake utaitwa ushujaa. Lakini asiyejua mtoto ni wa nani humwona mtoto mwenyewe. Ni funzo kubwa kwa wote wapendao kuhukumu: macho yetu ya kibinadamu huanza kukosea tangu sikio liliposikia jina la baba wa mtoto.

IV. NI NANI ALIYEKUJA KWENYE MIZANI?

Na iwe mfano. Mkubwa wa kijiji ataka kujua kama mihogo ya mwaka huu ni mizuri. Atangaza: “Kila apendaye na alete kikapu chake nikitazame.” Siku ya kutazama vyaja vikapu ishirini, vyote vimejaa mihogo minene. Mkubwa afurahi na kusema: “Mavuno ya kijiji changu ni mema.” Lakini ni nani waliokuja? Ni wale ambao mashamba yao yalistawi. Aliyeliwa mihogo na nguruwe wa porini alikaa nyumbani kwake kwa aibu, asionekane.

Ndivyo ilivyokuwa kwa uchunguzi mwingi wa watoto wafundishwao nyumbani. Wazazi hawakulazimishwa kuja, walikuja waliopenda. Na wanaopenda kupimwa kwa kawaida ni wale wasioogopa kupimwa. Medlin mwenyewe hakuficha kwamba kazi nyingi za wenzake zilikuwa na upungufu: wengine hawakuwa na watoto wa kulinganisha nao, wengine hawakueleza wazi walichokuwa wakikipima. Mwaka 2013 walimu wawili, Robert Kunzman na Milton Gaither, walizipitia kazi nyingi sana za namna hiyo, wakaonya vilevile kwamba hesabu zilizotolewa kwa kuwauliza waliojitolea haziwezi kusema habari ya wote.

Kuna shida ya pili. Tuseme imehakikishwa kwamba watoto fulani wa nyumbani ni wema. Je, wema huo umetoka katika kufundishwa nyumbani, au katika namna ya wazazi wenyewe? Mzazi aachaye kazi yake ya mshahara ili amfundishe mwanawe kwa miaka kumi ni mzazi mwenye moyo wa bidii. Pengine mwanawe angekuwa mwema hata kama angempeleka shule. Mti uliozaa sana huenda umezaa kwa sababu ya mkulima, au kwa sababu ya udongo. Asiyetenganisha mambo hayo mawili hajui bado sababu.

Na serikali je, haiwajui watoto hao? Inategemea jimbo. Katika jimbo la Pennsylvania sharti mzazi aweke kazi za mtoto zilizoandikwa, zitazamwe kila mwaka na mtu aliyeruhusiwa. Katika jimbo la Texas mzazi halazimiki hata kuipasha serikali habari kwamba amfundisha mtoto nyumbani. Kwa hiyo wako watoto wasiojulikana na mwalimu yeyote, wala na mchunguzi yeyote. Wengi wao huenda ni wazima na wenye furaha. Lakini akiwapo mmoja kati yao anayepigwa, au asiyefundishwa neno, ni nani atakayemwona?

V. NYUMBA PEKE YAKE HAIFUNDISHI

Uchunguzi mwingine ulifanyika katika nchi ya Kanada, ukatangazwa mwaka 2011. Sandra Martin-Chang, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Concordia mjini Montreal, pamoja na wenzake, aliwapima watoto 37 waliofundishwa nyumbani na 37 waliokwenda shule, wa umri wa miaka 5 mpaka 10. Safari hii haikupimwa tabia, bali kusoma, kuandika na hesabu.

Watoto wa nyumbani hawakuwa wa namna moja. Kati yao 25 walifundishwa kwa utaratibu: saa ya somo ilijulikana, vitabu vilikuwako, mzazi alifuata njia aliyoipanga. Wengine 12 waliachwa wajifunze walichopenda na walipopenda, bila somo lililopangwa. Waliofundishwa kwa utaratibu waliwapita wenzao wa shuleni. Walioachwa hivihivi walikuwa nyuma ya wote.

Hesabu hii ni ndogo, na haifai kuifanya sheria. Lakini yafungua macho. Neno “nyumbani” peke yake halina nguvu ya kumfunza mtu, kama vile neno “shuleni” halina nguvu hiyo. Mtoto aweza kukaa nyumbani bila kupata mwalimu. Aweza kukaa shuleni mwaka mzima bila mtu kumwangalia hata siku moja. Kinachomfunza ni mtu mzima aliyeamka asubuhi akijua deni lake kwa mtoto yule.

Kwa sababu hiyo kusiwe na udanganyifu. Mtoto aliyebaki nyumbani kwa kuwa mjomba wake ataka achunge mbuzi, au msichana aliyezuiwa ili achote maji na kumbeba ndugu yake, huyo hafundishwi nyumbani. Ameibiwa. Mzazi wake asichukue habari za watoto wa Marekani na kuzifanya ngao.

VI. MTOTO NI WA NANI?

Chini ya maneno haya yote liko swali lililo kubwa kuliko yote: mtoto ni wa nani?

Mwaka 1922 watu wa jimbo la Oregon walipiga kura, wakaweka sheria kwamba watoto wote wa miaka 8 mpaka 16 waende katika shule za serikali tu. Sheria hiyo ingezifunga shule za dini. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria, waliokuwa na shule huko, walipeleka mashitaka yao. Tarehe 1 Juni 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki. Waamuzi walisema kwamba mtoto si kiumbe cha serikali tu, na kwamba wanaomlea wana haki na wajibu wa kumwandaa kwa kazi zilizo juu zaidi.

Mwaka 1972 ilikuja kesi nyingine, ya Waamish, watu wa dini wanaoishi kwa ukulima bila anasa. Hawakutaka watoto wao waendelee na shule baada ya mwaka wa nane. Mahakama iliwaruhusu. Lakini mwamuzi mmoja, William Douglas, hakukubali yote. Aliuliza: Mbona wazazi wamesikilizwa, na watoto wenyewe hawakuulizwa? Pengine mmoja wao ataka kuwa mpiga piano au mwanaanga. Neno la mwamuzi huyo halikushinda siku ile, lakini halijasahauliwa.

Katika nchi nyingine mambo ni tofauti. Ujerumani hulazimisha watoto waende shule, wala hairuhusu kufundishwa nyumbani ila kwa sababu chache sana. Wazazi fulani Wakristu walishitaki mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg. Mwaka 2006 mahakama hiyo iliwakatalia, ikasema kwamba nchi yaweza kutaka watoto wa namna zote wakae pamoja, wasigawanyike makundi yasiyojuana.

Basi nchi mbili zenye watu wenye elimu nyingi zimetoa majibu mawili. Yafaa kutafuta shina la neno.

Mtoto si mali. Mbuzi ni mali ya mwenyewe, aweza kumuuza au kumchinja. Mtoto hawezi kuwa wa mtu kwa namna hiyo, si wa baba, si wa ukoo, si wa serikali. Hata hivyo mtoto mchanga hawezi kujiongoza. Sharti awe mikononi mwa mtu. Mikononi mwa nani? Kwanza mwa wale waliomzaa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba kwa haki ya asili mtoto asiyeweza bado kutumia akili yake yu chini ya ulinzi wa wazazi wake. Akatoa neno hilo kwa kuwatetea wazazi Wayahudi: haifai kuwabatiza watoto wao wakikataa wazazi. Msomaji na aone uzito wake. Haki ya wazazi haikutolewa kama zawadi kwa wale tu wenye imani iliyo sawa. Nao Mtaguso wa pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitangaza kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu, lakini wahitaji msaada wa jamii nzima.

Lakini haki hii ya wazazi yatoka katika nini? Yatoka katika deni. Aliyemleta mtoto duniani ana deni la kumfikisha utu uzima. Kwa kuwa ana deni, sharti awe na uwezo wa kulilipa, na uwezo huo ndio uitwao haki ya mzazi. Basi deni likitupwa, haki nayo yalegea. Mzazi hawezi kusema, “Mtoto ni wangu, msiniulize,” huku halipi deni ambalo ndilo lililompa haki ile. Na serikali haiwezi kusema, “Watoto ni wangu,” maana haikuwazaa, wala haiamki usiku wanapolia. Kazi yake ni kusaidia deni lilipwe, na kumtetea mtoto pale linapokataliwa.

VII. MASHAKA NA MAJIBU

Pengine mtu atasema: “Ikiwa profesa ameonyesha kwamba watoto wa nyumbani kwa kawaida ni wazima, basi serikali isiwaangalie tena.” Jibu: Neno “kwa kawaida” husema habari ya wengi. Deni la haki ni kwa kila mmoja. Hesabu ya watoto mia yaweza kuwa njema, na mmoja wao akawa analia chumbani. Aliyeonewa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba tisini na tisa hawakuonewa.

Mwingine atasema: “Ikiwa mmoja aweza kuonewa nyumbani, basi watoto wote walazimishwe kwenda shule.” Jibu: Hata shuleni wako watoto waonewao, na hakuna asemaye shule zote zifungwe. Kuwanyang'anya wazazi mia haki yao kwa kosa la mmoja ni kuadhibu wasio na hatia. Njia iliyo ya haki ni kuona, si kunyang'anya: mtu mmoja mwema kutoka nje aingie nyumbani mara kwa mara, amwone mtoto, amsikie akisoma, amwulize habari zake. Mzazi afanyaye kazi yake vema hapotezi kitu kwa kuonekana.

Wa tatu atasema: “Uchunguzi wa profesa una upungufu, kwa hiyo hauna faida.” Jibu: Taa ndogo si jua, lakini mwenye taa ndogo hukwepa shimo ambalo asiye na taa huliangukia. Uchunguzi ule haukuthibitisha kwamba kufundishwa nyumbani ni bora kwa kila mtoto. Umethibitisha jambo dogo lakini la maana: si kweli kwamba mtoto asiyekwenda shule lazima awe mpweke na asiyejua watu. Waliosema hivyo kwa nguvu walisema wasilolijua. Ni haki warudishe neno lao.

VIII. MANENO YA KUSHIKA MOYONI

Profesa aliyewapima watoto wa wengine ametoa funzo kwa watu watatu. Kwa jirani: usimhukumu mtoto kwa mlango aliopitia, mtazame mwenyewe, ana rafiki, asema kweli, ahurumia. Kwa mzazi afundishaye nyumbani: usijifiche, kwani haki yako ni deni, na mwenye kulipa deni lake haogopi shahidi. Kwa mzazi apelekaye mtoto shule: usifikiri kwamba mwalimu amekulipia deni lako, saa sita za shuleni haziondoi jioni, wala usiku, wala siku ya kupumzika, ambazo mtoto yu pamoja nawe, na ambazo hukutazama wewe ujue namna ya kuwa mtu.

Mizani ya wenye elimu yaweza kupima maneno, michezo na hesabu. Haiwezi kumpenda mtoto. Hiyo ni kazi iliyoachwa kwa wale walio karibu naye, nao ndio watakaoulizwa.

Maswali ya kufikiri:

1. Kwa nini watazamaji wa michezo ya watoto hawakuambiwa ni yupi wa nyumbani na yupi wa shule? Je, kijijini watu huhukumu watoto kwa kumtazama mtoto, au kwa kumtazama baba yake?

2. Haki ya mzazi yatoka wapi, nayo yalegea lini?

3. Yuko mtoto gani karibu ambaye hayuko shuleni wala hafundishwi nyumbani? Ni nani ana deni kwake?